Kuhusu Rehema na yule binti wa Krasnoyarsk

Tanga, Machi 2025

Mwanangu Salim,

Waalaykum salaam. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imetulia na mfungo unakwenda vizuri, tunaingia kumi la mwisho. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mama yako. Yeye alitaka nikupigie papo hapo. Nikamwambia hili si la kwenye simu, kwenye simu nitakatizwa kabla sijafika ninapokwenda.

Nalirudia swali lako ili usije ukasema mzee kajibu la kwake. Ulimpeleka mjukuu wangu Rehema kutazama fainali ya tenisi pale Dubai mwezi uliopita, akamwona Mirra Andreeva, binti wa Kirusi wa miaka 17, akimfunga Clara Tauson 7–6, 6–1 na kunyanyua kombe. Tangu siku hiyo mtoto hashikiki. Kocha wake naye kaja na mpango: aachishwe shule, asome kwa mtandao, na akitimiza miaka 12 apelekwe akademi Ulaya, kwa sababu "hivyo ndivyo walivyofanya Warusi". Wewe unauliza kama ni kweli walifanya hivyo, na kama nanyi mfanye.

Sasa sikiliza. Habari ya Mirra haianzi na Mirra. Inaanza na mama yake, Raisa, huko Krasnoyarsk, katikati ya Siberia, Januari 2005, anamtazama Marat Safin kwenye televisheni akimtoa Lleyton Hewitt katika fainali ya Australia. Mirra hajazaliwa bado. Aliyepelekwa uwanjani ni dada yake, Erika, wa mwaka 2004. Huyu mdogo, wa Aprili 2007, alikua akiburuzwa nyuma ya dada, pembeni ya kiwanja, kama wewe ulivyokulia chini ya meza yangu ya kufungia nyuzi za raketi ukichezea vipande vya nyuzi za utumbo wa ng'ombe. Alipofika miaka sita hivi naye akapewa raketi.

Krasnoyarsk wakati wa baridi kali inashuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Huwezi kumlea mchezaji wa viwanja vya udongo mwekundu mahali hapo. Basi wakahamia Sochi, kwenye pwani yao ya Bahari Nyeusi. Kisha Moscow. Cannes, Ufaransa, ilikuja mwisho, na wakati huo Erika alikwisha kucheza fainali ya vijana ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2021. Kwa hiyo kocha wenu hakusema uongo, ila kaanza kusimulia pale alipopenda. Hao mabinti walikwenda wawili, mmoja anamfungulia mwenzake njia, na mama yuko nao. Rehema atakwenda na nani? Mkwe wangu ataacha kazi? Wewe utaacha kazi?

Tena kuna jambo ambalo hukuliona pale Dubai kwa sababu ulikuwa unatazama kombe. Januari 2023 Mirra, akiwa na miaka 15, alicheza fainali ya vijana ya Australia na Mrusi mwenzake wa umri uleule, Alina Korneeva. Zaidi ya saa tatu. Mirra kachukua seti ya kwanza, kapoteza ya pili, kafungwa ya tatu 7–5, akalia mbele ya watu wote. Miezi michache baadaye Korneeva akaenda akatwaa na Roland Garros ya vijana. Ungeniuliza mwaka ule yupi kati yao atakuwa bingwa wa Dubai, ningekutajia Korneeva bila kupepesa macho. Majeraha yakamrudisha nyuma. Je, Rehema amewahi kusikia jina lake? Wewe je? Basi kumbe nusu ya hesabu ya kocha haimo kwenye karatasi yake.

Miezi mitatu baada ya kile kilio, Mirra akapewa nafasi ya mwaliko Madrid. Usidhani ilidondoka kutoka mbinguni: wakala wake ni IMG, kampuni kubwa inayosimamia wanamichezo, na mashindano yale yalikuwa mikononi mwa IMG hiyohiyo. Lakini mlango ukifunguliwa lazima uingie kwa miguu yako. Kaingia akiwa wa 194 duniani, kamtoa Leylah Fernandez, kamtoa Beatriz Haddad Maia, na siku anatimiza miaka 16 kamtoa Magda Linette. Wote hao walikuwa juu yake kwa mbali. Aryna Sabalenka, Mbelarusi aliyekuwa wa pili duniani, ndiye aliyemsimamisha. Na kazi za shule zilikuwa zikimfuata hukohuko mashindanoni. Kusoma kwa mtandao, ndiyo, hapo kocha wako kasema kweli. Ila Rehema ana miaka kumi.

Wimbledon ya mwaka ule niliitazama na mama yako, hapa sebuleni, umeme umekatika mara moja tu. Mirra kapita mechi za mchujo mpaka raundi ya nne, anakutana na Madison Keys. Seti ya kwanza kashinda 6–3, ya pili anaongoza 4–1. Nikamwambia mama yako, haya, imekwisha, niletee chai. Haikwisha. Keys akarudi, akaichukua seti ile kwa taibreka, yaani ule mchezo wa kuamua seti ikiwa 6–6, na mtoto akairusha raketi kwa hasira, akapewa onyo. Seti ya tatu, karibu na mwisho, anakimbilia mpira, mguu unateleza kwenye nyasi, anaanguka, na raketi inamtoka mkononi inakwenda zake. Mwamuzi akahesabu kwamba kairusha tena. Kosa la pili, pointi inakatwa, na pointi yenyewe ndiyo inampa Keys nafasi ya kumaliza mechi. Binti akasimama mbele ya kile kiti kirefu akieleza: nimeteleza, sikuirusha. Hakusikilizwa. Mechi ikaisha, akampa mkono Keys, mwamuzi akampita kama anavyopitwa mtu mwenye deni.

Mama yako alikuwa upande wa mtoto: "Kaanguka! Hawaoni kaanguka?" Mimi nilikuwa upande wa mwamuzi na bado nipo, ingawa sasa si kwa nguvu ile. Lakini ninachotaka uone ni umri. Miaka 16, mbele ya dunia nzima, na siku ya pili magazeti yanamjadili tabia. Rehema akikosea mahesabu darasani, anajua yeye na mwalimu wake.

Wakubwa wa tenisi ya wanawake wanalijua hilo ndiyo maana wakaweka sheria. Binti wa miaka 16 ana kikomo, mashindano 12 kwa mwaka, na idadi inapanda kidogo kidogo mpaka anapofika 18. Sheria hiyo ilikazwa katikati ya miaka ya 1990, baada ya Jennifer Capriati. Wewe ulikuwa mdogo, humkumbuki. Mmarekani yule alianza kucheza na wakubwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13, mwaka uleule akafika nusu fainali Ufaransa, 1992 akachukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona, na kabla hajafika miaka 19 alikuwa anashikwa na polisi. Alirudi baadaye, alhamdulillahi, akashinda Australia mara mbili na Ufaransa mara moja. Lakini ile miaka katikati hakuna aliyemrudishia. Sasa nishangae: wenye mchezo wao wanasema polepole, kocha wa Rehema anasema mbio.

Nisikutishe tu. Yapo mazuri, na mengine nayapenda sana. Januari 2024, Australia, Mirra anamcharaza Ons Jabeur, mchezaji wa kike anayemhusudu kuliko wote, 6–0, 6–2. Mechi iliyofuata, na Diane Parry, akawa nyuma 1–5 seti ya tatu. Mtangazaji mmoja akasema binti anahitaji kujijenga kiakili. Akageuza, akashinda. Andy Murray, bingwa wa Uingereza ambaye huyu mtoto anamhusudu mpaka anaona haya, akaandika kwamba huenda ni hiyo akili yake ndiyo iliyomrudisha. Mirra akasema maneno yale atayachapisha ayaweke kwenye fremu. Hapo nilicheka peke yangu. Mtoto ni mtoto.

Aprili ile akaanza kazi na Conchita Martínez, Mhispania aliyeshinda Wimbledon 1994. Ukiwatazama wawili hao utadhani shangazi na mpwa wake, wanataniana kutwa. Roland Garros mwaka uleule akamtoa Sabalenka robo fainali, akawa mdogo kuliko wote kufika nusu fainali ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote, tangu Martina Hingis mwaka 1997. Wiki chache baadaye Wimbledon katolewa raundi ya kwanza kabisa! Kisha Iași, Romania, kombe lake la kwanza la WTA, chama cha tenisi ya wanawake. Kisha Paris, medali ya fedha ya Olimpiki wawili wawili na Diana Shnaider, bila bendera wala wimbo wa taifa, maana Warusi tangu vita vya Ukraine wanacheza hivyo, ndiyo sababu hukuona bendera mbele ya jina lake pale Dubai. Kisha Oktoba, Wuhan, China, anakutana na nani? Na Erika. Dada mtu akamfunga. Nawaza mama yao alikaa upande gani siku ile.

Na Jumapili hii iliyopita, Indian Wells, Marekani, Sabalenka tena. Seti ya kwanza kapoteza 2–6, akashinda 6–4, 6–3. Makombe makubwa mawili mfululizo na hajafika 18. Kwenye hotuba akajishukuru mwenyewe kwa kutokata tamaa, kama mlivyomsikia Dubai. Rehema anairudia hotuba hiyo mbele ya kioo, mama yake kanitumia video. Nimeicheka, halafu nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu nilikukumbuka wewe, Salim. Fainali ya vijana pale klabuni, una miaka 13, unaongoza 5–2 seti ya pili, na mimi nimesimama nyuma ya senyenge na saa yangu ya kuazima. Ukapiga mbili nje. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la wageni: "Unacheza tenisi au unapepeta mchele?" Vijana wakacheka. Ukapoteza ile seti, ukapoteza na ya tatu. Juma lililofuata nilikuta raketi yako imesukumwa chini ya kitanda, na nyuzi ulizikata kwa wembe. Nilizihesabu zile zilizokatwa. Sikuwahi kukwambia kwamba nilizihesabu, wala sikukuomba radhi. Nakuomba sasa. Miaka 25 nimekuwa nikisema "Salim hakuwa na moyo wa mchezo". Moyo ulikuwepo, niliupigia kelele mimi.

Kwa hiyo jibu langu, na ulichukue kama jibu la mtu aliyekwisha kukosea: msimwondoe shule mwaka huu. Acheze mashindano ya hapo hapo Emirati, ya umri wake, ashinde na afungwe, na akifungwa msimwulize chochote ndani ya gari. Mkisubiri, mtazame mwenyewe anafanya nini Jumatatu asubuhi. Akiamka bila kuitwa, tutazungumza tena akiwa na miaka 13. Kama hakuamka, mwacheni alale. Na huyo kocha mwulizeni ada ya akademi anailipwa nani na yeye anapata kamisheni kiasi gani. Ulize kwa adabu, lakini uliza.

Jambo la mwisho ndilo dogo na ndilo linaloniudhi zaidi. Kwenye ile video nimeona nyuzi za raketi yake. Hizo ni za poliyesta, ngumu kama waya wa kuanikia nguo, na kwa mlio wake nakisia zimevutwa kilo 25. Huo ni mkono wa mtoto wa miaka kumi. Nani kafunga vile? Zikateni leo. Dukani mwombe nyuzi laini zenye nyuzinyuzi nyingi ndani, kilo 20, isizidi 21. Au muache mpaka likizo ya Julai, mje naye huku, mashine yangu bado inafanya kazi, nimeitia grisi juzi. Mwambie mke wangu mdogo asilete raketi mpya. Alete hiyohiyo, nimfundishe kuifunga mwenyewe.

Mama yako anauliza mtakuja kwa Idi au mtakuja kwa maneno.

Baba yako