Wanafunzi wa uuguzi majumbani kwa wazee: mmeuliza, tunajibu

SWALI: Kila muhula nawapeleka wanafunzi wa uuguzi kwa wazee mtaani. Wanarudi na daftari limejaa presha na sukari, basi. Ukimuuliza mmoja mzee wake anaogaje, hajui. Tatizo ni nini? — Mkufunzi

JIBU: Tatizo ni ratiba yako. Anayepita nyumba kumi mara moja moja atapima presha, kwa kuwa ndiyo kazi inayokwisha kwa dakika tano. Wapange wawili wawili, mzee mmoja muhula mzima, ziara zisizopungua sita, kila moja isizidi saa.

Ziara ya kwanza mashine ya presha ibaki chuoni. Waombe ridhaa ya mzee mwenyewe, si ya bintiye tu, na wamtajie siku ya ziara ya mwisho ili asije akadhani ametelekezwa. Wakae uso kwa uso penye mwanga, waseme taratibu. Kupiga kelele hakusaidii: sauti huwa nyembamba, na sikio la uzeeni hupoteza sauti nyembamba kwanza.

Kisha waingie kwenye kipimo cha Katz, kinachoonyesha mzee anajimudu kiasi gani katika shughuli za kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kitandani au kitini, kuzuia haja, kula. Kila anachokimudu bila msaada ni alama 1, jumla 6. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanauliza, "Unaoga mwenyewe?" na mzee, kwa kulinda heshima yake, anajibu ndiyo. Waombe kuonyeshwa bafuni. Anashika nini akiingia? Sabuni anaifikia? Miguu anaioshaje?

Kwa mwendo, ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi kukaa. Avae viatu vyake vya kila siku na atumie fimbo yake kama anayo. Mmoja ashike saa, mwenzake awe hatua moja tu kutoka kwa mzee. Sekunde 12 au zaidi ni ishara kwamba yumo hatarini kuanguka.

Na tafadhali, usitoe maksi kwa wingi wa matatizo waliyoyagundua. Watagundua hata yasiyokuwepo.

SWALI: Bibi ninayemtembelea huona kizunguzungu akisimama. Anataka kuacha dawa ya presha, ananiuliza mimi. Nimjibuje? — Mwanafunzi, mwaka wa pili

JIBU: Mwambie uamuzi huo ni wa anayemtibu, nawe utamfikishia. Ila usiende mikono mitupu. Alale dakika 5, mpime. Asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, kusimama ndiko kunakoshusha presha. Ukimpima akiwa amekaa tu, hutaliona hilo. Akianza kuyumba, mkalishe, usitafute namba.

Halafu mwombe atoe dawa zote mezani: za hospitali, za dukani, za mitishamba, na zile alizogawiwa na jirani. Andika jina, nguvu ya kidonge na saa anayomeza kweli, si iliyoandikwa kwenye pakiti. Angalia kama dawa moja haimezwi mara mbili kwa majina tofauti.

Taarifa imfikie mkufunzi na kliniki yake siku hiyo hiyo. Akiwa amezimia, ana maumivu ya kifua au ameanguka akagonga kichwa, apelekwe hospitali mara moja. Wakati anasubiri majibu ya kliniki, kila anapoamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame akiwa ameshika kitu kisichosogea.