Huna kitabu sokoni? Mlee huyo binti hivyo hivyo

Kamwene, mwalimu. Nimesoma uzi wako na majibu yaliyotangulia. Kwa mdau anayeingia sasa hivi: mwalimu yuko Mafinga. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye siku hizi ni muuzaji kwenye duka la dawa, anaandika simulizi ya mapenzi na ujambazi na kuirusha kipande kwa kipande kwenye magrupu ya WhatsApp. Amemwomba mwalimu amlee kiuandishi. Mwalimu anasita. Yeye mwenyewe anaandika kwa kupenda tu, hajawahi kutoa kitabu. Halafu simulizi yenyewe ni ya jamii ya "itaendelea", ambayo chuoni alizoea kuisikia ikitajwa kwa dharau. Ametubandikia vipande viwili tuone. Wachangiaji karibu wote wamemwambia amwachishe kwanza binti hayo mambo, ampe vitabu vya maana, ndipo somo lianze.

Mimi napinga, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Natoa kopi, nachapa barua za kazi, na kwa miaka mingi nachapa miswada. Watu wanaleta kaunta buku zimejaa mwandiko mpaka ndani ya jalada: fundi cherehani, muuza mitumba, askari mstaafu, wanafunzi wa vyuo. Ukichapa kazi ya mtu ukurasa kwa ukurasa unaijua kuliko mtu aliyeisoma kwa macho tu. Jioni naandika zangu. Na baadhi ya hao walioleta kaunta buku tumekuwa tukikaa pamoja Jumamosi baada ya kufunga duka, tunasomeana.

Nianze na hiyo dharau. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haikuingia kwa mlango wa nyuma. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikachapishwa 1960. Ni hadithi ya mauaji, na kuna mtu anavuta kiko na kufikiri mpaka muuaji apatikane. Leo inafundishwa vyuoni. Kisha miaka ya 1970 na 1980 wakaja kina Elvis Musiba na Ben Mtobwa na vitabu vya kusomwa safarini, foleni na chini ya mwembe. Wasomi wengi waliviita vya burudani wakapita. Mtobwa alifika mahali akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Waulize watu wazima wa huku Nyanda za Juu walijifunza wapi kusoma kwa raha, bila mtihani mbele yao. Wengi watakutajia Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa kabla ya kitabu chochote cha kiada.

Kwa hiyo binti wa duka la dawa hajapotea njia. Yuko kwenye njia iliyopitiwa na wengi, ila sasa inapita ndani ya simu.

Sasa kuna shule nyingine ya uandishi ambayo sijaona mtu akiitaja humu: mabanda ya video. Mliokuwa vijana wakati ule mnamkumbuka Lufufu, na wengine waliofuata nyayo zake, wakizungumza Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Hawakuwa wanatafsiri sentensi kwa sentensi. Mhusika akiingia mlangoni, msimuliaji anakukumbusha kwamba huyu ndiye yule aliyemdhulumu mzee pale mwanzo. Mapenzi yakirefuka, anayafupisha. Mahali filamu imenyamaza, yeye anaweka maneno. Alijua benchi la nyuma limepotea wapi na benchi la mbele limechoka wapi, kwa sababu mtu aliyechoka alikuwa anainuka na kutoka, na kesho harudi na hela yake.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya sanaa ya watu: inatengenezwa mbele ya mtu ambaye ana ruhusa ya kuondoka. Mwanafunzi aliyepangiwa kitabu na wizara hana ruhusa hiyo, atakimaliza hata kikimtesa. Lakini msomaji wa WhatsApp ana bando la kuhesabu na magrupu mengine yanamwita. Anayeweza kumshika mtu huyo kwa vipande ishirini mfululizo ana ufundi, na ufundi huo haupatikani kwa kuwekewa orodha ya vitabu.

Na hapo hapo pana jibu la wasiwasi wako wa kutokuwa na kitabu. Mwandishi mchanga ana watu wengi wa kumsifu ("hatari sana dada, lete mwendelezo") na wengi wa kunyamaza. Kitu asichokuwa nacho ni mtu mmoja mwaminifu wa kumwambia: niliacha kusoma hapa. Kazi hiyo haihitaji jina kwenye jalada. Inahitaji usome kweli, ukiwa na kalamu, na pale macho yako yalipoanza kuruka mistari uweke alama, hata kama hujui kwa nini yameruka. Sababu mtaitafuta pamoja.

Sisi Jumamosi tuna utaratibu mmoja ambao ninauamini kuliko yote: mwenye kazi hasomi kazi yake. Anasoma mwingine, kwa sauti, bila kujiandaa. Mwandishi anakaa kimya anaangalia watu. Msomaji akijikwaa, sentensi ina tatizo. Wasikilizaji wakianza kutoa simu mfukoni, hadithi ina tatizo. Tulikuwa na dada mmoja fundi cherehani ambaye kila kipande chake kiliisha kwa mlango kugongwa. Vipande vya kwanza tulishtuka, baadaye hakuna aliyeinua kichwa. Hatukumwambia neno. Aliona mwenyewe, na kilichofuata kiliisha kwa mwanamke anayehesabu sahani za chakula cha jioni na kukuta moja imezidi. Chumba kizima kilimpigia kelele asome kinachofuata. Hakukuwa na kinachofuata, alikuwa bado hajakiandika!

Mwalimu, niruhusu neno moja kuhusu ualimu wako. Utapata kishawishi cha kumwuliza dhamira ni nini, ujumbe ni upi, jamii inajifunza nini. Fani na maudhui, tumelelewa nayo wote. Tafadhali usimwulize mapema. Mwandishi mchanga akiulizwa ujumbe anaenda kuubandika mwishoni: jambazi anakamatwa, anatubu, anawaasa vijana wenzake aya nzima. Nimechapa miisho ya namna hiyo mingi, na karibu yote ilikuwa imebandikwa juu ya hadithi iliyokuwa imeshasema vizuri zaidi. Pia usimwandikie sentensi. Ukiona sentensi mbovu, pigia mstari umrudishie. Ukiirekebisha wewe atakushukuru, na kesho atakuletea nyingine mbovu vile vile.

Kuna jambo ambalo kwa sisi wa huku ni kubwa kuliko yote haya. Waandishi wetu wanahamishia kila hadithi Dar es Salaam. Anakaa Uyole, anaandika Masaki. Jumba la ghorofa, bwawa la kuogelea, gari jeusi lenye vioo vyeusi. Nadhani ni kwa sababu hadithi walizozipenda zilikuwa huko, wakaamini hadithi lazima iwe na bahari.

Kijana mmoja dereva wa bajaji aliniletea simulizi ya genge la Masaki. Nilichapa kurasa kadhaa nikaona hakuna mlango wala harufu humo ndani, kila kitu ni "kifahari". Nikamwuliza kabla ya bajaji alifanya nini. Alikuwa utingo wa malori ya Tunduma. Basi nikaacha kuchapa, nikamsikiliza. Alinieleza foleni ya malori mpakani inavyokuwa kijiji: wanaopika, wanaofua, wanaobadilisha shilingi na kwacha huku wameshika mabunda mkononi, wanaonyonya dizeli usiku na dereva anavyowasikia akiwa amelala. Akanieleza mtu anavyoweza kuwa na nyumba Tunduma na nyingine Nakonde ya Zambia, ng'ambo tu ya mstari, nchi mbili na majina mawili. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo ndiyo riwaya, na hakuna mtu wa Dar anayeweza kukuandikia.

Aliiandika upya. Kilichotokea kilinifundisha mimi kuliko yeye. Madereva waliokuwa kwenye grupu walianza kumtumia sauti: hapana, lori lenye mzigo ule haliegeshwi pale, hapana, karani hawezi kukuachia karatasi namna hiyo. Wengine walimpa visa vyao bure. Kila kipande kipya kikawa kinabeba masahihisho ya waliosoma cha jana. Hadithi ikawa ya watu wengi, ingawa kalamu ilibaki yake. Waandishi wa vitabu wanasubiri miaka kumsikia msomaji, huyu alikuwa anamsikia kabla ya chai ya asubuhi.

Huyo binti yako yuko Mafinga! Ana msitu wa Sao Hill na magari ya magogo. Ana barabara kuu ya kwenda Zambia mlangoni, na Mlima Kitonga upande wa kushukia Morogoro, mahali ambapo breki zikishindwa hakuna pa kukimbilia. Makambako si mbali, na pale inapita reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Njombe kuna madalali wa parachichi wanaofunga bei kwa simu. Ukungu wa Julai unaweza kumficha mtu hatua chache tu kutoka ulipo. Mwandishi wa taharuki anataka nini zaidi?

Na umwache aweke lugha ya kwao midomoni mwa watu. Bibi wa Tukuyu akishukuru aseme "ndaga fijo", msomaji wa Tanga ataelewa kutokana na mkono wake. Nimeona miswada mizuri ikisafishwa mpaka mzee wa kijijini Rungwe anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari, na mtu mzima mwenye miaka yake anabaki hana sauti.

Mchangiaji mmoja amegusia matusi na chombezo. Ni kweli zipo, na zina wateja. Msimamo wangu ni kwamba kila mlezi aseme wazi mpaka wake tangu siku ya kwanza. Mimi wanaokuja kwangu nawaambia sichapi wala sisomi tukio la kitandani lililowekwa kuvutia wateja tu. Kama mapenzi yale yanabadilisha kitu kati ya wahusika, tukae tuyaandike vizuri.

Vitabu vya maana, ndiyo, mpatie. Lakini kimoja kimoja, na kwa sababu. Kama mianzo yake ni mizito, mwazime riwaya uipendayo, mwambie asome ukurasa wa kwanza tu wa kila sura. Akitaka kuendelea, ataendelea. Kusoma kukitolewa kama adhabu ya kuandika "takataka", atakupoteza na vitabu atavichukia.

Upande wa hela na wizi nitasema kwa kifupi. Simulizi za magrupu zinaibwa, jina linafutwa, mwingine anauza kwa elfu moja moja. Aweke jina lake katikati ya maandishi, si juu na chini tu, maana huko ndiko kunakokatwa. Asitume PDF nzima kwa mtu asiyemjua. Kazi ikikamilika aisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili siku ya ubishi awe na ushahidi mkononi. Akija mtu anayemtoza hela kwa ahadi ya kumtoa kitabu, mwombe akuonyeshe kwanza vitabu alivyokwisha kuvitoa. Na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ina kipengele cha riwaya, kwa hiyo afuatilie matangazo ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Sioni sababu ya hadithi ya ujambazi iliyoandikwa vizuri isipelekwe huko.

Nimalizie na vile vipande viwili. Cha kwanza kinaanzia hotelini Dar, nami niliacha kusoma kwenye aya ya tatu, pale mavazi ya mhusika yanapoorodheshwa. Mwambie hivyo hivyo. Cha pili kinaanza dukani: yule mwanaume aliyemwibia binti wa hadithi wiki iliyopita anarudi mchana kweupe, hana silaha, anaomba panado ya maji ya mtoto na hela haitoshi. Binti anamtambua kwa sauti. Kipande kinakatika akiwa ameshika chupa. Hapo sikuruka hata mstari. Mwambie aanzie hapo, hoteli aiondoe yote, na asirudi nyuma kusahihisha chochote mpaka aandike kipande cha tatu. Ukikipata kibandike humu, mwalimu, nataka kujua kama alimpa ile dawa.