Kutoka HDMI kwenda SDI: pesa ya kwanza isiende kwenye kamera

Mkuu, nimekusoma. Una ATEM Mini Pro (swicha ndogo, yaani kifaa cha kuchagua kamera ipi iende hewani) na kamera tatu za picha zenye HDMI, umezoea kurusha harusi na ibada mubashara, sasa umepata mkataba wa makongamano na unataka kuuza vyote ununue kamera mbili za televisheni. Mimi nimepita njia hiyohiyo hapa Dar, na ninakusihi usiuze. Kamera ziwe za mwisho. Anza na waya.

HDMI ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya nyumbani. Kichwa chake hakijifungi, mgeni akiukwaa waya picha imeondoka. Tena waya wa kawaida ukizidi mita 10 hivi unaanza kusumbua, ndiyo maana kamera zinarundikana karibu na meza ya swicha na picha zote zinafanana. SDI, njia ya kusafirisha picha inayotumika kwenye vituo vya televisheni, inapita kwenye waya mmoja wa koaksia, kichwa cha BNC unakizungusha kinajifunga, na waya mzuri unafikisha 1080p50 (picha ya Full HD, fremu 50 kwa sekunde) mita 70 bila kifaa cha katikati. Hapo ndipo unapoweza kuweka kamera nyuma kabisa ya ukumbi, nyingine ubavuni mwa jukwaa, na wewe ukakaa pembeni bila kuwaziba watu. Kwa sasa funga kigeuzi cha HDMI kwenda SDI kwenye tripodi ya kila kamera, na kipande kifupi cha HDMI ukikaze kwa tepu.

Swicha ifuate. ATEM Television Studio HD8, iliyotoka 2022, ina viingilio 8 vya SDI na inageuza yenyewe picha zenye viwango tofauti (ukubwa wa picha na idadi ya fremu). Ukichukua aina nyingine, hakikisha kamera zote ziko kwenye kiwango kimoja, maana si kila swicha inakusaidia hapo. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo kaa kwenye 1080p50 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50 au 1/100. Ukiweka 1/60 taa nyingi za ukumbini zitachezacheza kwenye picha. 4K iache kwanza. Watazamaji wako wengi wako kwenye simu, na 4K inafupisha sana umbali ambao waya unaweza kubeba.

Sasa kitu ambacho wengi hawakiulizii kabisa: mawasiliano. Kongamano halirudiwi. Waziri akisimama ghafla upande wa kushoto, lazima kameramani wako asikie sauti yako sikioni papo hapo, na aone taa nyekundu inayomwambia kwamba yuko hewani asitikise. Kupungiana mikono au kupigiana simu kunakufikisha kwenye send-off, hakukufikishi hapa. Nunua intakomu ya waya au isiyo na waya, hata ya bei ya wastani, kabla ya lenzi yoyote. Nimeona timu zenye kamera za kawaida na intakomu nzuri zikitoa kazi safi kuliko timu zenye kamera ghali ambazo kila mtu anapiga anachotaka.

Umeme nao una mambo yake. Kamera ya nyuma ikichomekwa kwenye soketi ya fezi nyingine, au ikapata athi (waya wa ardhini) tofauti na ya swicha, waya wa SDI ndio unaoziunganisha athi hizo mbili, na hapo unaanza kusikia mvumo kwenye sauti au kuona picha ikikatikakatika. Kifaa kinaweza hata kuungua. Vuta ekstensheni zako zote kutoka sehemu moja, na swicha, kompyuta na ruta vikae kwenye UPS, kwa sababu hata ukumbi wenye jenereta huwa na sekunde kadhaa za giza kabla halijapokea.

Sauti ichukue kutoka kwa fundi wa mikisa kwa XLR (waya wa sauti wa pini tatu), kisha icheleweshe hadi ilingane na midomo. Ukihesabu ucheleweshaji kwa fremu, fremu moja ya 50p ni milisekunde 20.

Baada ya hayo yote ndiyo uje kwenye kamera. Kwa kongamano mimi ninapendelea sensa ya inchi 2/3 na lenzi ya B4 (aina ya kifungio cha lenzi za televisheni) yenye zumu ya 20x, hata kama imetumika, kwa sababu unavuta kutoka ukumbi mzima hadi uso wa mzungumzaji na fokasi inabaki palepale. Sensa kubwa za kamera zako zinapendeza kwa bibi harusi. Kwa mzungumzaji anayetembeatembea jukwaani zinakupotezea fokasi. Kodi kwanza kamera ya namna hiyo kwa kazi moja au mbili, pamoja na tripodi nzito yenye kichwa cha mafuta, uone mkono wa kameramani wako unavyoizoea. Ile Mini Pro ibaki kama akiba ya kurushia endapo swicha kubwa itagoma.

Niandikie umbali wa meza yako hadi kamera ya mbali zaidi, soketi ziko wapi, na bajeti yako ni kiasi gani. Nitakuchorea mpangilio wa waya.