Chama cha waandishi wa mataifa mengi kiitweje?

Chama chetu kilianzishwa na waandishi wa nchi moja. Sasa tuna wanachama kutoka nchi nyingi. Tubadili jina?

Kama wanalipa ada ileile na kupiga kura kama ninyi, badilini. Mwaka 1965 Damon Knight aliasisi Science Fiction Writers of America, chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi. Sifa ya kujiunga ilikuwa kazi uliyoiuza na kuchapishwa, wala si uraia, kwa hiyo waandishi wa nchi nyingine nao waliingia. Hata hivyo Marekani ilibaki kwenye jina hadi 2022, ndipo “America” ikaondolewa na kuwekwa “Association”. Zaidi ya nusu karne! Muda wote huo mwanachama wa nje alikuwa na haki zake zote, lakini alipotaja chama chake huenda ilimbidi aongeze maelezo kwamba yeye si Mmarekani. Katiba ilikwisha kumkubali. Jina ndilo lililochelewa.

Wachapishaji wanatujua kwa kifupisho. Hatutakipoteza?

Si lazima. Chama hicho bado ni SFWA. Waandishi wa hadithi za kutisha nao walikuwa Horror Writers of America, wakawa Horror Writers Association, na HWA ikabaki vilevile. Tafuteni neno linaloanza na herufi ileile.

Kwa nini tusiongeze tu “Kimataifa”?

Hapo ningewaomba msiharakishe. PEN, chama cha waandishi, ilianzia London mwaka 1921, ikaeneza vituo vyake katika nchi nyingi, na jina International PEN, ambalo tangu 2010 ni PEN International, likaja baadaye. Kazi ilitangulia. Ninyi jiulizeni: kitabu kilichochapishwa nje kinaruhusiwa kushindania tuzo yenu? Mwanachama akidhulumiwa na mchapishaji wa nchi nyingine, mna wa kumsomea mkataba wake? Mikutano hupangwa saa ambayo nusu ya wanachama wamelala? Majibu yakiwa mabaya, neno “Kimataifa” litamvutia mtu alipe ada kwa huduma ambayo haipo, na hilo ni kosa kubwa kuliko jina la zamani. Ondoeni jina la nchi, mwishie hapo kwa sasa.

Wazee wa chama wanasema tunafuta historia.

Wasikilizeni kwa heshima, maana wao ndio waliokilea. Mwaka wa kuasisiwa na majina ya waasisi yaandikwe kwenye utangulizi wa katiba, mahali ambapo kila mwanachama mpya atayasoma. Kisha pigeni kura, na wa ng'ambo wapige pia. Kura ya waliofika ukumbini tu haitoshi kwa jambo linalowahusu wasioweza kufika.

Sisi tunashughulikia kodi na hakimiliki za waandishi wa nchi yetu tu.

Basi bakini na jina lenu. Linasema kweli.

Tuanzie wapi?

Kwa msajili na benki, kabla ya nembo. Malipo ya waandishi yasikwame kwa sababu akaunti ina jina moja na cheti cha usajili kina jingine.