Seva mbili zote zimegoma, nifanyeje?

SWALI: Mambo mhariri, nimekodi seva mbili za klaudi nikaziunganisha kwa MariaDB Galera (hifadhidata inayonakiliwa kwenye seva zote kwa pamoja) ili moja ikizima nyingine iendelee, sasa mtandao kati yao ukikatika kidogo tu zote zinakataa kazi na wakati zote ziko hewani. Shida nini hapa?

JIBU: Hapo hamna kilichoharibika, ndo inavyotakiwa. Galera inaenda kwa kura, upande mmoja lazima uone zaidi ya nusu ya seva ndo uendelee kufanya kazi, na wewe ukiwa na mbili kila moja inajiona yenyewe tu, yaani nusu kamili, haitoshi. Bora zigome aisee, maana kila moja ingeendelea kivyake ungekuta oda zingine huku zingine kule, halafu nani azipatanishe?

Ongeza ya tatu. Bajeti ikibana weka garbd, kiprogramu kinachopiga kura tu bila kutunza data, kaseva kadogo kanatosha ila mtandao wake uwe mzuri kwa sababu data za kusawazisha zinapita kwake pia. Na usizirundike zote kwenye data senta moja, zitawanye ila zisiachane mbali sana, ukiziweka nchi tofauti kila komiti (yaani kila mara mabadiliko yanapohifadhiwa) itasubiri ujumbe uende urudi na watumiaji wataanza kulalamika.

Halafu bakapu bado unahitaji, usijidanganye, mtu akifuta tebo (jedwali la data) kwenye seva moja inafutika na kwingine kote.