Anza na maji, ndipo utie ndoana: kwa anayejifunza kuvua kwa mshipi

Mvuvi mpya akirudi na mtumbwi mtupu, lawama ya kwanza huiangukia ndoana na ya pili chambo. Mara nyingi kosa liko kwingine. Chombo kilikaa pasipo na samaki, au kilikaa penye samaki saa ambayo maji yamelala. Maelezo haya ni ya mshipi wa mkono, yaani uzi wa kuvulia unaoshikwa kwa mkono, ndani ya mtumbwi au ngalawa, kwenye kina cha pima 5 hadi 15, kama maji yaliyo kati ya Unguja na Bagamoyo. Samaki wa kulenga mwanzoni ni changu. Pima moja ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8, pima mikono yako mwenyewe kwa utepe ujue inatoa kiasi gani, kwa sababu utaitumia kila siku.

Jifunze mwezi kabla hujajifunza mwamba. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na hufika kilele siku moja au mbili baadaye. Upande wa Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku hizo hufika mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na tofauti hushuka hadi karibu mita 1. Pwani yetu ina hesabu nyepesi: siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa 4 maji yamejaa na saa 10 yamekupwa. Ukijua mwezi una siku ngapi, unajua maji yako wapi hata kabla ya kufika ufukweni.

Maji hayajai kwa kasi moja. Gawa kujaa kote mafungu 12. Saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 4 maana yake bahari hupanda mita nzima ndani ya saa ya tatu peke yake, na mita nyingine ndani ya saa ya nne. Saa hizo mbili mkondo ni mkali, chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) haikai chini, mshipi unalala nyuma ya chombo, na chambo kinapepea juu ya vichwa vya samaki. Maji yakisimama kabisa nayo changu hupunguza kula. Muda mzuri ni ule wa pembeni: saa moja na nusu ya mwanzo maji yakianza kwenda, na saa moja na nusu ya mwisho kabla hayajasimama. Ndiyo sababu tunamshauri mwanafunzi aanze siku za maji mafu, au siku mbili tatu kabla na baada yake. Mkondo unakuwa mpole na makosa yake yanavumilika. Bamvua waachie waliokwisha kuizoea, au itumie kutembea ukingoni maji yakipwa, uone kwa macho yako mwamba, mchanga na majani vimekaaje.

Juu ya maji, rangi ndiyo inayosema. Simama jua likiwa nyuma yako na liko juu, yaani kuanzia saa 3 asubuhi. Mchanga huonekana kijani kilichofifia, karibu na weupe. Majani ya bahari huonekana meusi yaliyotandazwa sawasawa. Mwamba huonekana wa kahawia, una mabaka na kingo zilizovunjika. Pima 7 au 8 zikipita, rangi hazitoshi tena na inabidi utie bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina. Kama huna bildi, chukua chubwi ya gramu 300, tafuta yenye shimo dogo kitakoni au ulichonge mwenyewe, jaza sabuni ya kipande iliyolainishwa, kisha ishushe hadi igonge chini. Ipandishe utazame. Sabuni ikija na chembe, chini ni mchanga, na hata ukubwa wa chembe utauona. Ikija na matope ya kijivu, hama. Ikija safi lakini ina mikwaruzo na alama za kubonyea, umegonga mwamba. Rudia kila baada ya mapigo kumi ya kasia, na uhesabu pima kila mara. Unachotafuta ni pale ambapo pima 12 za mchanga zinageuka ghafla kuwa pima 9 za mwamba. Ukingo huo ndio wenye samaki. Katikati ya mwamba ndoana zitanasa tu, na katikati ya mchanga utavua wachache.

Kila mwamba una upande unaopokea mkondo na upande ulio kivulini. Samaki wanaokula hujipanga upande unaopokea, vichwa vikitazama maji yanakotoka. Kwa hiyo mwamba mmoja una mahali pawili pa kuvua, maji yakijaa pengine na yakipwa pengine. Wengi hukaa palepale kutwa nzima, kisha husema samaki wamehama.

Hapa panakuja kazi ya nanga, na ndipo siku nyingi zinapoharibika. Kabla ya kuitia, achia chombo kielee kama dakika 5 uone kinapelekwa wapi. Upepo na mkondo havikubaliani kila siku, na unachohitaji ni matokeo ya vyote viwili kwa chombo chako. Kamba iwe mara tatu ya kina. Kwenye pima 10 achia pima 30, na ujue kwamba ikikazika chombo kitakaa pima 28 hivi nyuma ya nanga. Basi nanga itiwe kwenye mchanga, pima 28 juu ya mkondo kutoka pale unapotaka kuvua. Ukiitia juu ya mwamba wenyewe umefanya makosa matatu kwa mpigo: umevunja matumbawe, umewatisha samaki, na chombo kimevuka mahali ulipopataka.

Hata kwenye mchanga nanga ya chuma inaweza kuburuta hadi inase mwambani. Dawa yake ni namna ya kuifunga. Kamba ifunge kwenye kitako cha nanga, pale makucha yanapokutana. Ilaze kwenye mti wa nanga hadi kwenye pete ya juu, na hapo uishike kwa uzi mwembamba tu, unaoweza kuukata kwa mvuto wa mikono miwili. Nanga ikikaa vizuri, mvuto unapitia kwenye pete. Ikinasa, sogeza chombo hadi juu yake na uvute kwa nguvu: uzi unakatika, kamba inavuta kitako, na makucha yanatoka kinyumenyume. Siku ya upepo mkali funga uzi mara mbili, maana ukikatika kabla ya wakati utajikuta unapeperushwa.

Ukipata mahali pazuri, chukua alama kabla ya kushusha mshipi. Alama ni jozi mbili. Jozi ya kwanza: kitu cha karibu na kitu cha mbali vilivyokaa mstari mmoja, mathalani mnara wa msikiti ukiwa juu kabisa ya paa la bati la bandani. Jozi ya pili itafute upande mwingine wa nchi kavu, ili mistari miwili ikutane kwa pembe pana, karibu na pembe ya mraba. Jozi zikiwa upande mmoja mistari hukutana kwa kulaliana, na kosa dogo la jicho linakutupa mita mia moja mbali. Epuka mnazi mmoja uliosimama peke yake, kwa kuwa utakatwa au utaangushwa na upepo wa kusi. GPS ya simu inasaidia, lakini iandike pamoja na alama, wala isichukue nafasi yake. Simu hulowa na chaji huisha.

Mshipi wenyewe hauna makuu. Nailoni ya milimita 0.7 au 0.8 inatosha changu na mara nyingi inamleta chewa wa wastani. Nyembamba zaidi hukata vidole. Chubwi iwe chini kabisa. Sentimita 30 juu yake weka tawi la kwanza lenye ndoana, na sentimita 50 juu ya hilo weka la pili; matawi yawe na urefu wa sentimita 15 hadi 20, yasifikiane wala kujisokota. Ndoana iwe na mdomo wa upana wa sentimita 1 hivi. Chubwi ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ikinasa upoteze chubwi pekee. Uzito wake uamuliwe na mkondo: gramu 100 hadi 150 maji yakiwa mapole, 250 au 300 yakikaza. Mshipi ukilala kupita nusu ya pembe ya mraba, ongeza uzito au pumzika. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika, na samaki mkubwa hukatia palepale.

Ngisi ndiye chambo cha kwanza. Mkate vipande vya sentimita 5 kwa 1, vilivyochongoka upande mmoja. Toboa mara moja tu kwenye upande mpana na uache ncha ipepee. Kipande kilichokunjwa na kutobolewa mara tatu huzunguka kwenye maji na kusokota tawi. Samaki wadogo wakikumaliza chambo, badilisha utie pweza, mgumu zaidi kung'olewa. Dagaa wazima hufaa, hutobolewa machoni, ila hulainika upesi juani. Usihangaike na tasi wala pono kwa ndoana. Hao ni wa dema, ule mtego wa kusukwa.

Shusha hadi chubwi iguse, kisha pandisha nusu pima. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada, nao uwe umenyooka bila kuvutwa. Wadogo wanapodonoa utasikia mtetemo wa harakaharaka usio na uzito: usivute. Changu hugonga mara mbili au tatu, kisha mshipi huwa mzito na kuanza kwenda. Hapo vuta kwa mkono mzima, mara moja, na uendelee kupandisha bila kulegeza. Chewa hagongi, ni mvuto mmoja mzito wa kwenda chini. Pima 2 za kwanza ndizo zinazoamua, kwani anakimbilia shimoni. Akiingia, acha kushindana naye. Legeza mshipi kabisa dakika 2 au 3, mara nyingi hutoka mwenyewe. Na kamwe usizungushe mshipi mkononi ili upate nguvu. Vaa vipande vya mpira wa tyubu vidoleni, na mshipi unaopanda uuache uanguke mahali pamoja sakafuni, mbali na miguu.

Membe na shakwe wakipiga mbizi juu ya ukingo alfajiri, kuna dagaa na chini yao pengine nguru au kolekole. Hapo ng'oa nanga urambaze, yaani uvute mshipi chombo kikienda: mshipi wa pima 20 nyuma ya chombo, na sentimita 30 za mwisho ziwe waya, kwa kuwa meno ya nguru hukata nailoni.

Samaki akiingia chomboni, mkate chini ya matamvua atoke damu, kisha mtie kwenye barafu kilo kwa kilo. Kama huna barafu, gunia lililoloweshwa na kivuli vinakupa saa chache tu. Kibua, jodari na nguru waangalie zaidi: wakipata joto hutengeneza histamini, anayekula huwashwa na kuwa mwekundu uso, na kupika hakuiondoi. Miiba ya tasi aliyeingia kwa bahati ina sumu. Ikikuchoma, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua. Bunju usimle kabisa, hata ukiambiwa kuna fundi wa kumtengeneza.

Kabla ya yote hayo pata leseni, na uliza BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) ya eneo lako, au kamati ya wavuvi ya shehia kama uko Zanzibar, wapi pamefungwa. Mwamba wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe hauvuliwi. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi. Ukisikia mlipuko wa baruti toa taarifa, kwa sababu ukingo uliopigwa unabaki kifusi na hauwapi samaki pa kujificha kwa miaka mingi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mwambie mtu saa utakayorudi, beba upo wa kufulia maji, jaketi la kuokolea na lita 3 za maji ya kunywa. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo hukaza kadiri jua linavyopanda, na ukikutana na mkondo unaokwenda kinyume chake mawimbi huwa mafupi na wima. Ng'oa nanga ungali unaona maji laini, usisubiri povu la kwanza.