Filamu yangu fupi imekubaliwa kwenye tamasha, wanataka DCP. Nianzie wapi?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza filamu yangu ya kwanza, fupi, ya dakika 20. Nimeipiga kwa fremu 25 kwa sekunde, picha ni 1920 kwa 1080, sauti ni stirio. Tamasha moja limeikubali na linataka DCP, yaani nakala ya dijitali ya kuchezwa ukumbini, ndani ya wiki tatu. Sijawahi kutengeneza DCP, na niliyemuuliza kanitajia bei inayokaribia gharama ya filamu yenyewe. Wenzangu wananiambia niiweke YouTube watu waanze kuiona. Halafu tangu nijisajili FilmFreeway, tovuti ya kuwasilisha filamu kwenye matamasha, napokea barua pepe nyingi za matamasha yanayoniomba niwasilishe filamu na kulipia ada. Naomba mwongozo.

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kazi yangu ni kuandaa nakala za kuonyeshwa ukumbini, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye DCP, maana hapo ndipo filamu nyingi nzuri huharibikia baada ya kukubaliwa. Lakini kwanza suala la YouTube, kwa sababu kati ya yote uliyouliza, hilo ndilo ukishalifanya hulirudishi nyuma.

Usiipandishe sasa. Matamasha hayafanani katika jambo hili. Sundance hupokea filamu fupi hata kama imeshaonyeshwa kwingine. Cannes hawataki filamu fupi iliyokwisha kuwekwa mtandaoni, na wanataka isizidi dakika 15 pamoja na majina ya mwisho, kwa hiyo yako ya dakika 20 haingii hata hivyo. Berlinale, tamasha la Berlin, wanakubali filamu fupi hadi dakika 30, ila wanajali sana onyesho la kwanza limefanyika wapi. Kwa upande wa tuzo za Oscar, filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40, na ikitolewa hadharani mtandaoni kabla ya kupata sifa za kushindana inajiondoa yenyewe. Kaa chini, chagua matamasha matatu unayoyatamani kweli, usome kanuni zao za mwaka huu, zote mpaka mwisho. Kama hakuna hata moja linalokataa filamu za mtandaoni, uamuzi ni wako. Kama lipo, subiri limalize mzunguko wake. Trela iweke popote upendapo.

Sasa DCP. Watu huizungumzia kama faili moja, kumbe ni folda. Ndani yake kuna picha katika faili ya MXF, sauti katika faili nyingine ya MXF, na faili ndogo za XML zinazoieleza seva ya ukumbi icheze nini na kwa mpangilio gani. Ukibadilisha jina la faili moja kwa sababu linakuchosha kulitazama, au ukiisahau moja wakati wa kunakili, seva haitaitambua filamu yako. Folda hiyo inasafiri nzima, kama ilivyotoka.

Kuhusu gharama, usilipe bado. Ipo programu ya bure inayoitwa DCP-o-matic, iliyoandikwa na Carl Hetherington, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Matamasha mengi yanapokea DCP zilizotengenezwa nayo kila mwaka. Inachokudai ni muda, kwa sababu kila fremu inabanwa peke yake kwa JPEG 2000 na rangi zinageuzwa kwenda mfumo wa XYZ wa biti 12. Kompyuta ya kawaida huweza kukesha na kazi hiyo, basi iache ikeshe. Kasi ya data ya picha haipaswi kuzidi megabiti 250 kwa sekunde, maana yake dakika 20 zako haziwezi kuzidi takriban gigabaiti 37 na nusu za picha, na sauti ya chaneli sita huongeza kama gigabaiti moja. Hiyo inaingia kwenye diski ndogo tu.

Unachoingiza kwenye programu kiwe nakala yako bora kabisa, ProRes (aina ya faili ya video yenye ubora wa juu) au ya daraja hilo, wala isiwe ile faili nyepesi uliyowatumia wachaguzi kwa kiungo. Ubanaji mbaya usioonekana kwenye simu huonekana waziwazi kwenye skrini ya mita kumi, hasa ukutani nyuma ya mhusika na kwenye anga la jioni.

Umbo la picha. Sinema ina maumbo mawili makuu: Flat, ambalo kwa 2K ni pikseli 1998 kwa 1080, na Scope, ambalo ni 2048 kwa 858. Picha yako ya 1920 kwa 1080 iweke ndani ya Flat. Itabaki na mstari mweusi wa pikseli 39 kila upande. Uache. Ukumbini hakuna atakayeuona. Ukiivuta picha ijaze upana wote bila kuikata, nyuso zinanenepa. Ukiikuza, unapoteza kama mistari 22 juu na 22 chini, na huenda ndipo ulipokuwa umeweka nywele za mhusika au manukuu yako, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha.

Angalia pia weusi. Faili nyingi za video hutumia viwango vya video, ambavyo weusi na weupe havifiki mwisho wa kipimo, si viwango kamili, na programu ikikisia vibaya weusi wote unakuwa kijivu, au giza linameza kila kitu. Sehemu ya kuchagua ipo kwenye DCP-o-matic. Renda kwanza sekunde 30 za tukio lako lenye giza kuliko yote uone, kabla ya kurenda filamu nzima.

Fremu 25 zinahitaji barua pepe moja kwa tamasha, leo. Kiwango cha awali cha sinema ya dijitali, kilichotolewa mwaka 2005, kilijengwa juu ya fremu 24. DCP za aina mpya zaidi, zinazofuata kiwango kiitwacho SMPTE, zinakubali 25, lakini si kila seva ukumbini inazicheza kwa uhakika. Wakijibu kwamba 25 ni sawa, tengeneza SMPTE ya 25 na usibadilishe chochote. Wakitaka 24, ipunguze filamu mwendo, kila fremu ibaki. Dakika 20 zitakuwa dakika 20 na sekunde 50, na sauti za watu zitazama kidogo usiporekebisha kimo chake, kwa hiyo mwombe mtu wa sauti akirekebishe. Usichofanya kamwe ni kuiacha programu itupe fremu moja kila sekunde ili muda usibadilike. Kila kamera inapogeuka polepole utaona picha inaruka, na ukishaiona hutaona kitu kingine. Na uwaambie tamasha muda mpya, kwa sababu ratiba yao inahesabiwa kwa dakika.

Hapo kwenye sauti ndipo nakuomba utumie sehemu kubwa ya wiki zako tatu. Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe. Maneno asiyoyasikia hayasamehe.

Stirio inafanya kazi nzuri kwenye kompyuta kwa sababu umekaa katikati ya spika mbili, na mazungumzo yanaonekana kutoka mdomoni mwa mhusika. Ukumbini aliyekaa pembeni kushoto husikia kila neno likitoka kwenye spika ya kushoto, huku mhusika amesimama kulia. Ndiyo maana sinema ina spika ya katikati nyuma ya skrini, na mazungumzo yanakaa humo. Rudi kwenye mradi wako wa uhariri. Kama mazungumzo, muziki na sauti za mazingira viko kwenye treki tofauti, kazi si kubwa: mazungumzo yaende katikati, muziki ubaki kushoto na kulia, mazingira yaenee kidogo hadi spika za pembeni. Toa faili za WAV za kilohezi 48 na biti 24. Programu ina kitufe cha kugeuza stirio kuwa 5.1, yaani ile sauti ya chaneli sita, yenyewe, na kinavutia, ila kinakisia tu, na mara nyingi kinayapa maneno mwangwi wa ajabu. Kama treki zimepotea na umebaki na stirio peke yake, ni afadhali uiache stirio safi kuliko 5.1 ya kubahatisha.

Halafu ukubwa wa sauti. Kumbi hupimwa ili sauti ya majaribio yenye kiwango cha hasi 20 kwenye mita ya dijitali itoke kwa desibeli 85 kila spika ya mbele, kitufe cha sauti cha ukumbi kikiwa kwenye 7. Wewe umemiksi chumbani, spika ndogo, sauti chini usiwasumbue watu, ukapandisha kila kitu ili kisikike. Filamu hiyo ikifika ukumbini inapiga kelele. Mwendesha projekta, kwa huruma, anashusha kitufe hadi 5 au chini zaidi. Kelele inapungua, na mnong'ono wa tukio lako la mwisho unapotea kabisa. Nimekaa kwenye maonyesho ya namna hiyo nikimtazama mwongozaji ameshika kichwa, na kosa halikuwa la ukumbi. Kama unamjua mtu mwenye chumba cha kumiksia kilichopimwa, mwombe saa mbili tu. Hiyo pesa uliyokuwa uilipie DCP, ilipie hapo.

Manukuu: mistari miwili kwa wakati mmoja, isizidi, na kila mstari uwe kama herufi 40 hivi. Waulize tamasha kama wanataka yaliyochomwa kwenye picha au faili tofauti. Vyovyote watakavyosema, hifadhi nakala moja isiyo na maandishi kabisa. Tamasha la pili litataka lugha nyingine, na utaihitaji.

Usiifunge DCP kwa ufunguo. Ukiifunga, ukumbi unahitaji ufunguo wa kidijitali uliotengenezwa kwa ajili ya seva yao ile ile na kwa saa zile zile. Onyesho likihamishiwa ukumbi wa pili dakika za mwisho, filamu haifunguki. Kwa filamu fupi ya kwanza, hatari ya kutoonyeshwa ni kubwa kuliko ya kuibiwa.

Ukimaliza, icheze nyumbani kwa kichezeshi kinachokuja na DCP-o-matic. Hapo utakagua kama midomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini huwezi kuhukumu rangi wala ukubwa wa sauti. Kwa hilo waombe tamasha dakika kumi asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Wengi hukubali ukiomba mapema na kwa adabu. Tazama dakika ya kwanza, tukio lenye giza, tukio lenye kelele, tukio la kimya, na majina ya mwisho. Kaa nyuma kabisa, kisha kaa pembeni. Elewana na mwendesha projekta kitufe kikae namba ngapi, na iandikwe kwenye karatasi yao, kwa sababu jioni huenda kukawa na mtu mwingine.

Kuhusu zile barua pepe: tamasha lenye sifa halikutafuti wewe mgeni na kukupongeza kwa filamu ambayo halijaiona. Ukiona tamasha linatoa tuzo kila mwezi, lina vipengele lukuki vya ushindi, na huoni ukumbi, picha za watazamaji wala majina ya wachaguzi, funga ukurasa. Unalipia nembo ya majani ya kuweka kwenye bango. Matamasha ya kweli nayo yana ada, lakini mengi husamehe ukiwaandikia mistari mitano kabla ya tarehe ya mwisho: wewe ni nani, filamu inahusu nini, kwa nini unaona inafaa kwao. Usione haya kuomba. Bajeti ya ada igawe kwa yale matatu ya ndoto, kisha machache ya ukubwa wa kati yanayopenda aina ya filamu yako. Kwa filamu fupi nakuelekeza hasa Clermont-Ferrand, Ufaransa, tamasha kubwa kuliko yote la filamu fupi. Lina soko lake ambako vituo vya televisheni na wasambazaji huja kununua, na wanaoangalia filamu fupi kama kazi kamili ndio hao.

Kuna jambo hukuliuliza. Muziki uliotumia, una kibali chake cha maandishi? Unahitaji vibali viwili: cha mtunzi, na cha mwenye rekodi. Rafiki kukuambia "tumia tu" haitoshi siku mnunuzi atakapotaka karatasi. Kama bei ni kubwa, omba kibali cha matamasha peke yake, ambacho huwa nafuu, na makubaliano ya bei ya baadaye yaandikwe humo humo.

Na siku ya onyesho nenda, hata kama ni kwa basi la usiku. Baada ya filamu, watu wenye maana kwako watakuuliza unaandaa nini sasa. Uwe na ukurasa mmoja wa mradi unaofuata. Kama ni filamu ndefu, anza kusoma masharti ya Hubert Bals Fund, mfuko wa tamasha la Rotterdam, ambao tangu 1988 unasaidia waongozaji kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kilatini na Mashariki ya Kati, na Berlinale Talents, inayokusanya vijana wa fani zote za filamu kila Februari. Wote hao watataka kuona kazi uliyokwisha kuifanya, kwa hiyo tengeneza pia kiungo kimoja chenye nenosiri, chenye miksi ya stirio ile ya awali, usikibadilishe tena.

Ukipata jibu la tamasha kuhusu fremu 25, niandikie kabla hujaanza kurenda.